Mti Usioangusha Majani

Karurumo,
3 Julai 1984

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na baba na wapangaji wote wa uani. Idd iliwapita vizuri? Mimi niliila na kuku mmoja mwembamba, nikamsomea dua mwenyewe na kumla mwenyewe. Mwilini sina neno, ila jua la huku limepita kiasi. Mvua ya mwezi wa nne haikufika kabisa na mahindi yalikauka yakiwa urefu wa kidole.

Mama, niko taabani. Ng'ombe wawili wa hapa nyumbani wametupa mimba. Wa kwanza alitupa mwezi wa tano, wa pili katikati ya mwezi uliopita. Ndama wote wawili walikuwa karibu kuzaliwa, manyoya yameshaota. Yule wa pili kondo la nyuma lilikataa kutoka, akaanza kunuka, na Jumamosi ikabidi achinjwe. Sasa watu wa hapa wameshaamua ni nini kimewapata. Ni maua yangu.

Unaikumbuka ile lantana niliyokata nyuma ya msikiti siku nilipoondoka, nikaja nayo imefungwa kwenye gunia bichi? Niliipanda kutoka mlangoni kwangu mpaka zizini, kwa sababu boma hili limezungukwa na miti ya saipresi tupu na ndani ni giza hata saa sita mchana. Miaka minne sasa imenifika kifuani, nyekundu na manjano, na mwanzoni kila mgeni aliisifu. Siku hizi wanaiita maua ya Majengo. Wanasema sisi watu wa Majengo tuna dawa zetu. Mama mkwe wangu Cicily hajasema hivyo kwa mdomo wake, lakini hajawakanya waliosema.

Na kuna lingine. Nina mimba ya miezi minne. Unajua wale wawili walivyonitoka, wa kwanza akiwa na miezi saba, wa pili sita. Huyu namtaka, mama, namtaka mpaka naogopa kulitamka. Wazee wa ukoo watakaa mwezi ujao, na wakiona maua ndiyo yaliyoharibu ng'ombe, hawatang'oa maua peke yake. Nitarudishwa kwenu na tumbo langu, kwa baba asiyetaka hata kusikia jina langu. Mume wangu Munyi hayuko wa kunisemea. Yuko kwenye ujenzi wa bwawa, analala Gachoka, na huja mara moja kwa mwezi akiwa amechoka.

Niambie ukweli. Lantana inaweza kufanya hivi?

Mwanao,
Rahema


Majengo, Meru,
14 Julai 1984

Kwa mwanangu Rahema,

Marahaba, na aleiki salaam kwa salamu ambayo hukuitoa. Miaka minne kwa Wakristo na umeshasahau barua ya Mwislamu inavyoanza. Haya, nimekusamehe. Sisi tu wazima, Alhamdulillahi. Magoti yangu ni yale yale na mpangaji wa chumba cha tatu ni yule yule, yote mawili hayana dawa.

Pale ulipoandika miezi minne nimepasoma mara nyingi mpaka karatasi imeshika mafuta ya mandazi. Usimwambie mtu mwingine. Usibebe maji mgongoni kwa ile kamba ya kichwani wanayotumia huko, na ukicheka basi mimi ndiye mamako, nisikie.

Barua yako niliisoma jikoni kwa sauti, najifanya najisomea mwenyewe. Baba yako alikuwa mlangoni ananoa visu vya bucha. Nilipofika pale pa ng'ombe, kisu kikanyamaza. Akasema bila kugeuka, "Ini lilikuwa rangi gani?" Nikamwambia amuulize mwenye barua. Akasema, "Si wewe ndiye unayeandika?" Rahema, tangu uolewe ofisini kwa DC, bila kadhi, na Naftaly Munyi wako, mtu huyu hakuwahi kuuliza hata kama unapumua. Na anapoanza kuuliza, anauliza ini. Pale pa mimba nilipasoma moyoni.

Basi anataka kujua hivi. Ini la yule aliyechinjwa lilikuwa rangi gani? Macho yake yalikuwa meupe au manjano? Pua ilichubuka? Na ng'ombe wanakula nini tangu nyasi ziishe? Jibu moja moja, usiniletee mashairi.

Mama yako,
Mwanamisi


Karurumo,
27 Julai 1984

Kwa mama,

Assalaam aleikum, kabla hujanisuta tena. Na shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee mnoa visu. Mimi sijambo, mtoto ameanza kunigusa kwa ndani kidogo kidogo, nami nasimama popote nilipo nimsikilize.

Mwambie baba ini lilikuwa la kahawia, zito, safi kabisa. Macho meupe. Pua nzima, yenye unyevu. Ini nililiona kwa macho yangu, maana mama Cicily alilikaanga na wote wakala, hata wale wanaosema ng'ombe alikula sumu ya maua. Mimi peke yangu sikula, kwa kuwa hakuchinjwa na Mwislamu. Hilo nalo limewekwa juu yangu. Huku mtu akikataa chakula cha nyumba ni kama amesema kina sumu, au kwamba anajua kilichomo. Ndiyo maana mpishi huonja kwanza mbele ya anayepewa, kisha ndipo akabidhi. Akishaonja, huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa umemwita mchawi mbele ya watu, na hilo linapelekwa kwa wazee.

Kuhusu malisho, nyasi za nepia ziliisha mwezi wa nne. Tukakata migomba mpaka ikabaki visiki. Sasa mama Cicily kila asubuhi anapogoa zile saipresi na kutupia matawi horini. Wote wanakula. Dume ndiye anayekula kuliko wote na amenenepa. Juzi jike wa tatu ametupa.

Mama Cicily ameshagundua tumbo langu, na hakuwa mbaya. Kila asubuhi ananiletea kikombe cha majani ya saipresi yaliyochemshwa, kama alivyonifanyia mara mbili zile za kwanza. Anasema mti huu hauangushi majani hata kwenye kiangazi kama hiki, kwa hiyo unashika mimba isitoke. Aliniambia, "Hayo maua yako je? Kila asubuhi yamelala chini." Na ni kweli, mama. Nikifagia, ninachofagia ni maua. Basi nanywa.

Wazee watakaa Jumamosi tarehe kumi na nane Agosti. Nijibu kabla ya hapo.

Mwanao,
Rahema


Majengo, Meru,
6 Agosti 1984

Rahema,

Kile kikombe, kiache leo. Soma hapo mara mbili ndipo uendelee.

Assalaam aleikum. Sisi wazima wa mwili. Ninayoandika sasa ni maneno ya baba yako. Aliketi mbele yangu akaniamuru niandike kama anavyosema, nisitie chumvi.

Anasema lantana inaua kwa kupitia ini. Ng'ombe aliyeila macho yanageuka manjano, pua inachubuka, anakimbilia kivulini, na ukimpasua unakuta ini limevimba lina rangi ya bizari. Ameliona ini hilo mara tatu katika kazi yake na mara zote tatu alilizika, hakuliuza. Tena haichagui dume wala jike. Na ng'ombe haili mpaka njaa imshike kweli, kwa sababu inanuka.

Saipresi haigusi ini. Dume akiila ananenepa. Mtamba asiye na mimba anaila na hana habari. Lakini jike aliyebeba, siku zake zikisogea, anatupa, na kondo linabaki ndani. Wachungaji wa mashamba makubwa ya Timau ndio waliomweleza, miaka ile akienda kununua ng'ombe huko. Walikuwa wakivuta waya ili wenye mimba wasifikie ile miti. Kwa hiyo anasema maua yako hayana kosa. Ng'ombe wenu wanaharibiwa na matawi yaliyomo horini.

Nilipomaliza kuyaandika hayo nikaweka kalamu chini. Nikamwambia baba yako habari ya tumbo lako na ya kikombe, maana nisingeweza kukaa nayo peke yangu. Kisha akasema, "Na wale wawili pia." Nililia, mwanangu. Wajukuu wawili niliokuwa nimewashonea kofia, nami miaka yote nikidhani ni kazi ya Mungu tu.

Nilitaka nipande basi nije nimshike mtu. Baba yako akanizuia. Anasema, "Mwanamke huyo hajui. Angejua, angewalisha ng'ombe wake mwenyewe?" Anataka barua hii uisome mbele ya wazee, mkweo akiwa ameketi pale, asikie yote, ya ng'ombe na ya kikombe. Akishajua ataacha. Mimi moyo wangu mzito, lakini fanya asemavyo baba yako. Ndiye anayejua mambo ya ng'ombe.

Mama yako,
Mwanamisi


Karurumo,
21 Agosti 1984

Kwa mama yangu, na kwa baba kama anasikiliza,

Assalaam aleikum na shikamoo zenu nyote. Nimelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Wazee walikaa chini ya ukuta wa jiko kufuata kivuli. Mkubwa wao ni mzee Kathuri, ndugu wa marehemu baba mkwe. Alinipa nafasi, nikasoma barua yako kwa Kiswahili kama ilivyo na yeye akawa anaitafsiri kwa Kiembu kipande kwa kipande. Nilipofika pale pa ini la rangi ya bizari, wote wakageuka kumtazama aliyelikaanga lile la Jumamosi ile. Hata mzee Kathuri alicheka kidogo, maana naye alikula. Wakasema maua hayana neno na mimi sina neno. Munyi hakuja, alituma salamu tu kwamba kazi imembana.

Kisha nikasoma ya kikombe. Hapo hakuna aliyecheka. Mama Cicily alikuwa ameketi kwenye kigoda ameshika shanga za rozari, akaziachia. Akainuka mbele ya watu wote, akaenda zizini, akatoa matawi horini kwa mikono yake mpaka la mwisho, akayachoma. Halafu akaja akanishika mkono akasema, "Sikujua." Nami nililia, nikamwambia najua hukujua. Baba alisema kweli. Kikombe kimekoma tangu nilipopata barua yenu.

Aliniomba ile barua, aiweke kwenye Biblia yake aisome polepole. Nikampa.

Nyumba imetulia. Kuna msichana wa kanisani kwake amehamia hapa tangu mwezi wa saba, Makandi, binti wa mwinjilisti mmoja Mmeru aliyehamia Runyenjes. Anamsaidia mama Cicily kazi, na mwisho wa mwezi hupeleka nguo safi za Munyi huko Gachoka ili mimi nisisumbuke na tumbo. Mpole, haongei sana. Mama Cicily anamwita "mtoto wangu."

Jambo dogo moja. Siku ile ile jioni aliniuliza, mtoto akiwa wa kiume ataitwa nani. Nikamwambia Njue, jina la marehemu mumewe, kama desturi yao. Akaniuliza, "Na atasali wapi?" Nikasema hilo Munyi na mimi tulishakubaliana kabla hatujaoana, watoto watanifuata mimi. Akainuka akaingia kulala. Nadhani alikuwa amechoka.

Mwanao,
Rahema


Majengo, Meru,
12 Septemba 1984

Kwa mwanangu Rahema,

Aleiki salaam. Tumeisherehekea Idd ya kuchinja na baba yako alichinja mbuzi wawili hapa uani. Nyama ilipogawanywa akatenga paja moja, akalikausha kwa chumvi. Nikamuuliza ni la nani. Akasema, "La Rahema, akija." Nilijifanya sikusikia, nikaingia ndani nikakaa kitandani peke yangu kama mwehu.

Njoo ujifungulie hapa. Sikuombi, nakwambia. Hospitali iko karibu, mkunga wetu yuko mtaa wa pili, na baba yako ameshapaka chokaa kile chumba cha nyuma bila kuambiwa na mtu. Miezi sita si mapema. Mwandikie Munyi, mwombe ruhusa, uje.

Na nikuulize. Kwa nini mkweo alitaka ile barua? Alishaisikia yote, tena kwa lugha mbili. Mimi nimezaliwa Majengo, nimekaa na watu wa kila kabila ukuta kwa ukuta, na sijaona mtu akimwomba mwenzake barua ya mamake. Pengine nina ubaya wa moyo. Baba yako anasema nina ubaya wa moyo. Lakini mwombe akurudishie.

Mama yako,
Mwanamisi


Karurumo,
29 Septemba 1984

Kwa mama,

Assalaam aleikum, shikamoo. Natumai magoti yamepumzika kidogo. Hapa mawingu yameanza kusimama upande wa mlima lakini hayajatoa kitu.

Nimemwandikia Munyi mara mbili, hajajibu. Mwezi huu hakuja kabisa. Siwezi kuondoka na mtoto wake tumboni bila yeye kusema neno, watasema nimetoroka. Ameahidi kwa mdomo wa Makandi kwamba atakuja mwisho wa Oktoba. Nitakuja wakati huo.

Jike wa nne amezaa. Ndama mzima, anaruka. Mama Cicily alimbeba mwenyewe akampeleka kwa mamake anyonye. Horini hakuna hata jani moja la saipresi tangu siku ile, sisi tunahangaika na maganda ya maharage na majani ya mizambarau.

Barua yako hajarudisha. Nilimwomba, akasema bado anaisoma.

Mama, nataka kukuandikia jambo na najionea aibu. Tangu wiki tatu sasa mama Cicily ananipikia uji kila asubuhi, wa yale mahindi ya manjano ya msaada. Unaijua harufu ya unga ule, hata ukitia nini ndani yake husikii. Lakini mwisho wa kikombe kuna ladha kama ya mbao iliyoranduliwa leo. Anaupika mwenyewe kwenye sufuria yake ndogo, hataki Makandi aiguse. Na jana nilipita nyuma ya jiko nikaona saipresi ya pale imepogolewa upya, utomvu bado unatoka. Nikajiambia ni kuni. Mtu hapiki kwa matawi mabichi, lakini nimejiambia ni kuni.

Nitakataaje? Kila asubuhi anaonja kwanza mbele yangu, vijiko viwili vikubwa, anavimeza akinitazama, kisha ananikabidhi kwa mikono miwili. Mzee Kathuri wakati mwingine yupo, anaona. Mtu aliyenisafishia jina langu mbele ya ukoo, aliyenishika mkono akalia, leo nimwambie siutaki uji aliouonja? Itakuwa mimi ndiye niliyeleta ubaya nyumbani. Naunywa nusu, nusu naumwaga kwenye lantana nikipata upenyo. Ungekuwa mbaya ungemdhuru yeye kwanza, si ndivyo?

Mtoto anacheza sana asubuhi. Mgongo chini unaniuma, lakini wanasema miezi saba ndivyo ilivyo. Makandi yeye haugusi uji huo, anasema unamchefua. Niombee.

Mwanao,
Rahema


Majengo, Meru,
7 Oktoba 1984

Rahema,

Barua hii haiendi posta. Anakuletea baba yako mkononi, kwa basi la kesho alfajiri.

Barua yako ilifika jana. Niliposoma pale pa vijiko viwili, baba yako aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Cicily ana umri gani?" Nikasema hapungui sitini. Akachukua koti lake na kwenda kuulizia basi.

Sikiliza, mwanangu. Anaonja nini? Hana mimba. Hata dume aliila akanenepa. Anaweza kunywa sufuria nzima mbele ya ukoo mzima na akalala salama, na baba yako anaweza, na mzee Kathuri anaweza. Mdomo pekee hapo ambao haufai kuonja ni wako. Nasi ndio tuliomfundisha. Kabla ya barua yetu alikuwa mama mkwe mjinga mwenye huruma, akiwalisha ng'ombe wake na mkwe wake kitu kimoja. Baada ya barua yetu ng'ombe aliwaondolea siku ile ile.

Baba yako hajala tangu jana. Anasema ni yeye aliyesema isomwe. Nami ndiye niliyeandika.

Usimeze hata tone. Waache wakuite utakavyoitwa. Munyi na ruhusa yake mtamalizana baadaye. Toka na nguo ulizovaa umfuate baba yako.

Mama


Embu,
10 Oktoba 1984

Kwa mama yangu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa hospitali, kitanda cha mwisho dirishani. Baba yuko nje. Mwili wangu utapona, wameniambia hivyo, kwa hiyo usikimbie kuja.

Baba alifika Jumatatu karibu saa nne. Nilimwona akipita katikati ya lantana na koti lake la Ijumaa. Aliniwekea mkono kichwani, akanipa barua yako nikaisoma pale pale. Uji wa asubuhi nilikuwa nimeshaunywa, mama. Siku ile mzee Kathuri alikuwapo na sikupata pa kuumwaga.

Mama Cicily alimkaribisha baba kwa heshima zote. Akapika uji mwingine kwa ajili ya wageni, akaonja, akampa mzee Kathuri. Akaonja, akampa baba. Baba akanywa wote, akageuza kikombe kuonyesha. Kisha akaonja changu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Baba akaweka kiganja juu ya kikombe. Akamwambia mzee Kathuri atafsiri. "Mama huyu ameonja kikombe hiki, na mimi nitaonja." Akaonja. "Sote wazima. Sasa apewe binti huyu." Akamwonyesha Makandi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio.

Baba hakujua lolote juu ya Makandi. Ameniambia njiani kwamba alitaka tu mwanamke kijana aonje, aone mkweo atafanya nini.

Makandi aliweka ufagio chini, akaja, akapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Naye hakujua kilichomo. Alipokiinua, mama Cicily aliruka akakipiga kikombe kikaenda mpaka ukutani. Uji ulimwagikia leso yangu. Mzee Kathuri akamuuliza Makandi kwa Kiembu, ni miezi mingapi. Makandi akatazama miguu yake, akasema mitatu. Wa nani, mzee hakuuliza. Sote tulijua nani hupeleka nguo Gachoka.

Mama Cicily alirudia neno moja tu. "Nilionja. Kila siku nilionja. Aseme mtu kama sikuonja." Alikuwa akimwambia mzee Kathuri, mimi hakunitazama. Nina hasira, mama, hasira ambayo sijui nitaiweka wapi. Nilimwamini kwa sababu alilia. Na nadhani siku ile alilia kweli.

Maumivu yalinishika kabla hatujafika barabarani. Baba alisimamisha lori la mchanga, akanibeba mwenyewe. Alizaliwa jana alasiri, mvulana. Alipumua kidogo, muuguzi akanipa nimshike, kisha mtoto akaacha. Muuguzi aliuliza jina la kuandika kitabuni. Baba akasema Ali, jina la baba yake mwenyewe. Amemwosha kwa mikono yake, na watu wa msikiti wa hapa wamemsaidia kumzika leo asubuhi. Kesho kutwa wananiruhusu.

Usiwaambie majirani kitu. Wale waliokwisha kuleta vitambaa vya mtoto, warudishie. Ijumaa tutapanda basi la kwanza, mimi na baba. Wawili tu.

Mwanao,
Rahema